Maneno Chini ya Picha

Mpiga picha wetu wa Nyahanga hakuziamini nyuso. Alisema uso wa mtu hujifunza uongo tangu siku mtoto anapoulizwa nani kala nyama, lakini mkono haujawahi kupelekwa shule. Kwa hiyo mteja aliyeingia studio yake alitazamwa mikono kwanza, jinsi daktari anavyotazama ulimi, kisha akapewa kitu cha kushika. Wakulima waliotoka kuuza pamba walipewa redio isiyokuwa na betri. Maharusi walipewa maua ya karatasi. Mzee mmoja wa Didia, aliyekuja na fimbo yake mwenyewe, alinyang'anywa fimbo akapewa simu ambayo waya wake uliishia chini ya mkeka, akaambiwa asikilize. Alisikiliza kwa heshima kubwa. Picha ilipotoka, wanawe walimwuliza alikuwa akiongea na nani. Mzee akajibu kwamba mambo mengine si ya kila mtu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, nimepanga chumba cha uani katika nyumba hiyohiyo. Tulikaa majirani miaka minane, tukigawana bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo, na kuku mmoja ambaye kila mmoja wetu aliamini ni wa mwenzake. Kuku huyo alikufa kwa uzee.

Kanisani mpiga picha alikaa benchi la mwisho. Mwanzoni nilidhani ni unyenyekevu, mpaka aliponiambia kwamba huwa anamwangalia padri.

"Padri anaijua kazi," alisema. "Akiinua mikono, hata aliyesinzia anaamka. Akiishusha, mnapiga magoti. Na wengi wenu hamkusikia alichosema."

Nikamwambia hayo si maneno ya kusema Jumapili. Akasema basi atayarudia Jumatatu, na Jumatatu akayarudia.

Siasa aliiingia kwa aibu ya mtu mwingine. Mkubwa mmoja alikuja kufungua shamba la pamoja. Akapewa jembe ili apigwe picha analima, naye akalishika kama mtu anayeshika nyoka aliyeambiwa kwamba amekufa. Watu wakaanza kucheka, kwanza akina mama, kisha wazee, kisha hata waliokuwa wamepangwa kushangilia. Mpiga picha akaweka kamera chini, akamwendea yule mkubwa mbele ya walinzi wake, akamvua saa ya mkononi, akamgeuzia kiganja kwenye mpini.

"Sasa vua viatu, Mheshimiwa," akamwambia.

Mkubwa akavua viatu. Nyayo zake zilikuwa laini, lakini zilikuwa zimekanyaga udongo, na hilo likatosha. Kicheko kikakatika. Mama mmoja akapiga kigelegele, wengine wakampokea. Kuanzia siku hiyo, kila ulipokuwapo ugeni katika wilaya yetu au wilaya jirani, Land Rover ilisimama mlangoni petu kumchukua mpiga picha.

Alikuwa na sheria zake. Mtoto wa kubebwa na kiongozi awe wa miezi minane: chini ya hapo anaogopesha kumbeba, zaidi ya hapo ana maoni yake. Maji yanywewe kwa kibuyu, si kwa glasi. Mbele ya mzee aliyeketi, kiongozi ndiye ainame, mzee asisumbuliwe kusimama. Kijiji kimoja kilizinduliwa kisima ambacho pampu yake haikuwa imefika. Mpiga picha akamnywesha mgeni maji ya bwawani yaliyochujwa kwa kitenge, na picha ikatundikwa ofisini. Pampu ilikuja baada ya misimu miwili ya mvua. Muda wote huo akina mama wa kijiji walipita mbele ya ile ofisi wakienda bwawani, na ukiwauliza walikwambia kisima kimeshafunguliwa, si unaona picha.

Yeye mwenyewe alidai siasa haimhusu. Hakuvaa beji, hakukaa kwenye vikao, na aliwahi kunikasirikia nilipomwita mtu wa serikali. "Mimi ni mtu wa mwanga," alisema. Lakini usingeweza kumkuta hana habari ya nani anakuja lini, na mvua ikiharibu ziara alinuna kana kwamba imenyeshea harusi ya binti yake.

Mambo mawili hakuyaweza: kupiga deki na kuandika. Mwandiko wake ulifanana na nyayo za kuku aliyekanyaga wino. Na picha za ofisini zilihitaji maneno chini yake, kwenye kipande cha karatasi nyeupe, yakieleza nani anafanya nini. Kazi hiyo nikaifanya mimi. Alikuwa akigonga mlango wangu na picha zimelazwa juu ya sinia, ananiambia cha kuandika, nami naandika kwa wino mweusi na herufi za kuegemea kidogo kulia, kama tulivyofundishwa chuoni. Wageni waliosimama mbele ya picha hizo waliusifu mwandiko. Nilizipenda sifa hizo kuliko nilivyopaswa.

Wakati ule uchaguzi wa mbunge ulikuwa wa chama kimoja, na katika jimbo walisimamishwa wagombea wawili. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alipewa alama: mmoja jembe, mwingine nyumba. Kwetu Usukumani hii haikuwa bahati nasibu ndogo. Jembe ndilo linalolisha watu. Aliyepewa nyumba alienda kujipa pole.

Mgombea mmoja wa jimbo la upande wa Geita alipewa nyumba. Alikuja Nyahanga kwa mpiga picha akiwa ameshalegea mabega. Nilikuwa uani nafua, nikawasikia.

"Wamenipa nyumba. Nimekwisha."

"Hujaisha," mpiga picha akasema. "Jembe linalala wapi?"

Mgombea hakuelewa.

"Likitoka shamba, linalala wapi? Linaning'inia juani? Nenda kawaulize hivyo. Na nitafutie nyumba yenye bibi mlangoni."

Bibi aliyepatikana aliitwa Mama Kabula. Nyumba yake ilikuwa ya msonge, nyasi zimeshuka vizuri, mlango mfupi, na katika picha yeye amesimama mlangoni akimkaribisha mgombea, ambaye ameinama kuingia. Ukiitazama unajua kwamba ndani kuna moto na chakula. Kampeni zilikuwa za pamoja, wagombea wote wawili wakisafiri na viongozi walewale na kuzungumza jukwaa moja, na mambo mengi yalikatazwa. Picha hazikukatazwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefikiria kuzikataza. Ile ya Mama Kabula ilitundikwa madukani na kwenye mashine za kusaga. Nyumba ikashinda jembe, na mgombea akawa Mheshimiwa.

Miaka michache baadaye ikaja amri ya watu kuhama kutoka kwenye miji yao, yaani kaya zilizotawanyika porini, wakakae pamoja kwenye vijiji vipya karibu na barabara. Sitaki kueleza yote. Wapo waliohama kwa hiari, wapo waliosaidiwa. Mama Kabula alisaidiwa. Lori lilipofika kwake, aliomba siku mbili, akaambiwa lori si la kwake peke yake. Vyombo vikapakiwa, na vijana wa mgambo wakapanda juu kushusha nyasi za paa ili asirudi.

Mheshimiwa alikuwa anazungukia zoezi hilo, na mpiga picha alikuwa naye. Mama Kabula alikuwa amekaa juu ya kinu chake kilichopinduliwa, analia bila kujifunika uso. Mheshimiwa alisimama mbali kidogo, hajui aende wapi.

Mpiga picha akasema, "Mheshimiwa, mkono."

Mheshimiwa akaweka mkono begani kwa bibi, akainama. Kamera ikalia.

Jioni ya kesho yake mpiga picha aligonga mlango wangu. Kwenye sinia kulikuwa na picha moja tu. Sijaona picha nzuri kama ile. Machozi yalikuwa yanang'aa, na mkono wa Mheshimiwa ulionekana mzito na wa upole kama mkono wa mtoto wa kiume kwa mama yake. Nyumba haikuonekana. Alikuwa ameikata.

"Andika," akasema. "Bibi akitokwa na machozi ya furaha baada ya kupatiwa makazi mapya."

"Alikuwa anafurahi?"

"Katibu wa chama ndiye aliyesema iandikwe hivyo."

"Nakuuliza wewe uliyekuwapo."

Akatazama picha, akatazama kalamu yangu. "Alikuwa anatokwa na machozi, Mwalimu. Hapo hakuna uongo."

Ningeweza kukataa. Siku hizi, nikisimulia, watu hunisaidia kwa kusema kwamba nyakati zile haikuwezekana. Iliwezekana. Angenuna siku tatu, katibu angemtafuta karani mwingine, basi. Lakini karatasi ilikuwa tayari imekatwa, na kalamu ilikuwa na wino. Nikaandika, na neno "furaha" nilililaza vizuri hasa.

Ile picha ilifanya kazi ambayo malori hayakuiweza. Ilizungushwa vijiji hadi vijiji, na katibu akawasomea watu maneno yangu na kuyatafsiri kwa Kisukuma. Waliokuwa wamegoma walimtazama yule bibi, wakasema kama mzee huyu ameridhika, sisi ni nani. Wakaanza kufunga mizigo wenyewe. Wageni wakawa wanapelekwa kwenye kibanda chake kipya kumwona bibi aliyelia kwa furaha. Wengine walimwomba alie tena kidogo. Inasemekana alikuwa anawapa uji, anawatazama mpaka wanaondoka.

Yeye hakujua kusoma. Alijua kilichoandikwa siku katibu aliposoma mbele ya mkutano kijijini kwake. Akauliza, "Neno hilo limetoka kwa nani?"

Katibu akamjibu, akimwita mama kwa Kisukuma, "Limeandikwa, mayu." Likishaandikwa limeandikwa.

Uchaguzi uliofuata, Mheshimiwa aligombea tena, na safari hii akapewa jembe. Mtu aliyeshinda kwa nyumba, sasa ana jembe: tuliona hata shetani asingemwangusha. Mkutano mkubwa ulipangwa katika kijiji kile kipya, na Mama Kabula akaalikwa jukwaani ili mkono uwekwe begani kwa mara ya pili. Nilikuwa likizo. Mpiga picha aliniomba niende naye nikamwandikie majina ya wakubwa, nikaenda. Ndiyo siku niliyomwona Mama Kabula kwa macho yangu. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko kwenye picha.

Mheshimiwa alihutubia, kisha akageuka akainama na kuweka mkono begani kwake. Watu wakashangilia. Mpiga picha alikuwa amepiga goti mbele ya jukwaa. Mama Kabula akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akausogeza kutoka begani, lakini hakuuachia. Akasimama, akaanza kushuka ngazi za jukwaa, na Mheshimiwa akamfuata, kwa sababu ukishikwa mkono na bibi wa umri ule mbele ya watu elfu huna namna ya kujinasua.

Vigelegele vikapaa. Watu walidhani ni mapenzi. Wakapasua njia katikati ya mkutano, wao wawili, wakatoka upande wa pili, wakashika njia ya porini. Mheshimiwa aligeuka mara moja kumtazama katibu. Katibu alimwonyesha kwa mkono kwamba aendelee kutabasamu. Mkutano mzima ukainuka ukafuata, na mgombea mwenzake, yule mwenye nyumba, akabaki jukwaani na kipaza sauti, hana watu.

Ulikuwa mwendo wa saa moja. Mpiga picha alitangulia kinyumenyume, akipiga, akikimbia mbele, akipiga tena. Vigelegele vilikatika tulipovuka mto mkavu, kwa sababu wenyeji walishajua tunaelekea wapi. Tulipofika palikuwa na magugu, mduara wa kuta zilizomomonyoka, na mafiga matatu. Mama Kabula hakusimama hapo. Alimzungusha Mheshimiwa nyuma, mahali palipokuwa na rundo dogo la mawe katikati ya nyasi, ndipo akauachia mkono wake.

"Kabula yupo hapa," akasema kwa Kisukuma. "Mwambie."

Mheshimiwa alikuwa analowa jasho. "Nimwambie nini, mayu?"

"Mwambie siku ile nilikuwa nafurahi."

Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi ya Mheshimiwa. Alitazama mawe, akatazama umati, na sidhani kama alikuwa mtu mbaya, kwa sababu mtu mbaya angesema chochote. Yeye hakusema. Mama Kabula alingoja muda wa kutosha, bila hasira, kama mtu anayengoja maji yachemke. Kisha akainama, akang'oa majani yaliyoota kati ya mawe, akajifuta mikono kwenye khanga, akaanza kurudi peke yake. Mheshimiwa alirudishwa na Land Rover iliyokuwa imetufuata.

Asubuhi iliyofuata katibu alikuja Nyahanga mwenyewe. Aliitaka filamu ya yale matembezi. Alikuwa ameshatunga na maneno: Mheshimiwa akitembea bega kwa bega na wazee wa jimbo lake. Akaniona mlangoni kwangu. "Vizuri, Mwalimu, na wewe upo. Lete kalamu."

Nilikwenda ndani kuitafuta kalamu. Nasema kweli kwamba nilikwenda kuitafuta, na kwamba ilikuwa mezani, na kwamba nilisimama mbele yake. Niliporudi mlangoni bado sikuwa nimeamua kama niko nayo au sinayo, ingawa ilikuwa mkononi.

Mpiga picha alikuwa uani na kamera yake, kwenye jua la saa nne. Akaufungua mfuniko wa nyuma, akaitoa filamu, akaivuta yote kuanzia mwanzo hadi mwisho kama mtu anayepima kamba ya mbuzi.

"Ah," akasema. "Imeingia mwanga."

Katibu aliitazama ile filamu, akamtazama yeye, akaondoka bila kuaga. Mpiga picha huyu alikuwa mtu aliyejisifu kwamba hajawahi kuharibu filamu hata moja tangu alipoanza kazi.

Kwa hiyo yale matembezi hayana picha, na kwa sababu hayana picha kila mtu aliyasimulia alivyopenda. Yalipofika Ushirombo, bibi alikuwa amemkokota Mheshimiwa siku nzima. Yalipofika Kahama, Mheshimiwa alikuwa amelia kaburini. Jembe likashindwa. Yule mwenye nyumba aliingia bungeni bila kukumbukwa kwa neno hata moja alilosema.

Land Rover hazikuja tena mlangoni petu. Leseni ya studio ilichelewa, ikachelewa tena, na mwisho wa mwaka mpiga picha alifunga mizigo yake. Aliniachia sinia. Mimi nilihamishiwa Ushirombo, baadaye nikawa mwalimu mkuu. Mara tatu nilipanga kwenda kwa Mama Kabula kumwambia neno lile lilitoka kwa nani. Mara ya tatu nilifika mpaka stendi.

Nilimwona mpiga picha mara moja tu tena, miaka ya themanini. Lori nililopanda lilisimama Katoro kujaza maji, nami nikashuka kunyoosha miguu. Chini ya paa la duka kulikuwa na shuka la bluu limetundikwa, na foleni ya wachimbaji wa dhahabu, wekundu kwa vumbi mpaka kwenye nyusi, wanangoja kupigwa picha za kutuma kwao. Alikuwa amezeeka, anasogeza kila kitu karibu na jicho la kushoto.

"Shikamoo, mzee. Ni mwalimu wa Nyahanga."

"Marahaba. Bado unaandika vizuri?"

Nikasema naandika ripoti. Akacheka. Nikakaa kwenye benchi lake, na kwa kuwa lori halikuwa na muda, nikamwuliza moja kwa moja.

"Ile filamu uliifungua makusudi?"

"Filamu huharibika, Mwalimu."

"Zako haziharibiki."

"Basi ilikuwa zamu yake."

Akampiga picha mchimbaji mmoja, akarudi kuketi. Kisha akaniambia kitu ambacho sikumwuliza. Alipotoka Nyahanga, kabla ya kuja huku, alipita kwa Mama Kabula kumpelekea negativu, kile kipande cha filamu cha ile picha ya machozi. Bibi aliinyanyua juani, akajiona nywele nyeupe zimekuwa nyeusi na uso mweusi umekuwa mweupe, akasema huyu simjui, akaitia motoni. Ilinuka vibaya. Halafu akamwambia: "Kupiga ulipiga wewe, nilikuona. Yale maneno aliyaandika nani?"

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ni mimi."

"Wewe? Mwandiko wako?"

"Yeye hasomi, Mwalimu."

Honi ya lori ikalia. Sikusimama. Nikamwuliza bibi alisema nini. Akasema alimaliza kwanza kupepeta mtama wake wote, polepole, kisha akamwambia yamekwisha, na akampa maziwa ya mgando. Bibi alikuwa amefariki masika yaliyopita. Wanawe wakamzika kulekule kwenye mji wa zamani.

"Kwa hiyo alisamehe," nikasema.

Mpiga picha alikuwa anapangusa lenzi kwa ncha ya shati lake. Akaitazama kwenye mwanga, akapangusa tena.

"Mimi, ndiyo," akasema, na akamwita mchimbaji aliyefuata.